Karatasi Yenye Bibi na Bwana: Somo juu ya Serikali, Alama za Taifa na Mambo ya Nchi za Nje

Shabaha ya somo: Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, mwanachama aweze kueleza Serikali hupata wapi madaraka yake, alama za Taifa zina maana gani na nani mwenye haki ya kuzitumia, na kwa nini mapatano yanayofanywa na nchi za nje yanamhusu mkulima wa kijijini.



Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku ambacho sitakitaja. Katika kupitia stakabadhi niliona makato ambayo hayakuwamo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Kila mwanachama alikatwa fedha kwa kila mzigo aliouza, na kila mmoja alipewa karatasi yake. Karatasi ile ilikuwa imegongwa muhuri wa wino wa buluu, na katikati ya muhuri palikuwa na Ngao ya Taifa, yaani ile picha tuliyozoea kuiita Bibi na Bwana.

Nilimwuliza mzee mmoja kwa nini hakuuliza makato yale ni ya nini. Akanitazama, kisha akanijibu, "Mwanangu, karatasi hii ina Bibi na Bwana. Mimi ni nani hata nibishane na Serikali?"

Makato yale hayakuwa ya Serikali. Katibu alikuwa amechongesha muhuri ule mjini kwa kudhani kuwa utakipa chama heshima. Baadaye, alipoona kwamba karatasi yenye muhuri haiulizwi, ndipo yalipoanza makato. Nami sina budi kukiri kosa langu. Muhuri ule nilikwisha kuuona katika ukaguzi wa mwaka uliotangulia. Niliudhani kuwa pambo tu, nikapita. Wanachama walikatwa msimu mzima zaidi kwa sababu mkaguzi hakuona ubaya wa picha.

Kwa ajili hiyo nimeona inafaa tuache kwa mwezi mmoja habari za mizani na daftari la fedha, tujifunze juu ya Serikali yetu, alama zake, na mahusiano yake na nchi za nje. Msomaji atakayefika mwisho ataona kwamba daftari la fedha hatukuliacha mbali.

1. SERIKALI HUPATA WAPI MADARAKA YAKE

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba 1962, ikawa Jamhuri. Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika tarehe 12 Januari 1964, na nchi hizi mbili zikaungana tarehe 26 Aprili 1964. Jina la Tanzania lilianza kutumika mwezi Oktoba mwaka huo huo. Zanzibar ina Serikali yake na Baraza lake la Wawakilishi kwa mambo yasiyo ya Muungano. Mambo ya nchi za nje, ulinzi na uraia ni miongoni mwa mambo ya Muungano.

Katiba tunayoitumia ni ya mwaka 1977, pamoja na marekebisho yake. Ibara ya 8 inaeleza kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali hupata madaraka yake kutoka kwao. Ibara ya 4 inagawa kazi: kuna wenye mamlaka ya utendaji, kuna wenye kutunga sheria na kusimamia, na kuna wenye kutoa haki, yaani Serikali, Bunge na Mahakama. Rais ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu, naye huchaguliwa na wananchi kwa kipindi cha miaka mitano, wala hawezi kuchaguliwa zaidi ya mara mbili.

Mwanachama wa ushirika hana haja ya kuona mpango huu kama kitu kigeni. Katika chama chetu mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho, Bodi husimamia kwa niaba yake, na katibu na watumishi hutenda yaliyoamriwa. Serikali ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, anayetajwa katika ibara ya 143. Vyama vyetu vinalo Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Juu ya hayo ipo Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyowekwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013.

Sasa itazameni ibara ya 138. Inasema kwamba kodi ya aina yoyote haiwezi kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliopewa nguvu na sheria hiyo. Maana yake ni kwamba hata Serikali yenyewe, yenye jeshi na polisi, haina ruhusa ya kuchukua shilingi ya mkulima bila kuonyesha sheria inayoiruhusu. Yule mzee aliyeniambia kwamba hawezi kubishana na Serikali alikuwa na haki ya kuiuliza Serikali, seuze katibu wake!

Wala tusidhani kwamba Serikali haikosei. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchini, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Wazee wetu wanakumbuka yaliyofuata. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuvirudisha vyama hivyo. Serikali inayokubali kusahihishwa hupungua makosa, na chama ni vivyo hivyo. Lakini ili yeyote asahihishwe, lazima awepo mtu wa kuuliza.

2. ALAMA ZA TAIFA NA MAANA YAKE

Alama ya Taifa ni kitu kidogo kinachosimama badala ya kitu kikubwa. Bendera ni kitambaa, lakini aliyeishika anashika jina la watu wote. Kwa sababu hiyo alama hulindwa na sheria.

(a) Bendera. Ina rangi nne. Kijani ni ardhi na mimea yake, manjano ni madini, nyeusi ni watu, na buluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Rangi nyeusi imepita katikati, kutoka pembe moja hadi nyingine, ikiwa na mistari ya manjano pembeni.

(b) Ngao ya Taifa. Hii ndiyo yenye maneno Uhuru na Umoja. Ndani ya ngao kuna mwenge, bendera, mkuki, na jembe na shoka vilivyopishana. Ngao imesimama juu ya mlima Kilimanjaro, na kandokando yake kuna pembe za ndovu. Mwanamume na mwanamke wameishika, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Miguuni pa mwanamume kuna mkarafuu, na miguuni pa mwanamke kuna mpamba. Mazao hayo mawili yaliwekwa pale kuwa ishara ya ushirikiano. Ndugu zangu, katika alama yote kubwa ya nchi hii, kitu kilichochaguliwa kuonyesha ushirikiano ni mazao ya mkulima. Ni heshima kwetu. Yaelekea yule katibu hakupata kuitazama picha ile vizuri. Angeitazama angeona kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale wawili aliyeishika ngao peke yake.

(c) Mwenge wa Uhuru. Ulipandishwa kileleni Kilimanjaro na Alexander Nyirenda, ofisa wa jeshi, usiku wa uhuru mwezi Desemba 1961. Kila mwaka mwenge hukimbizwa nchini, na wengi wetu tumeupokea vijijini.

(d) Wimbo wa Taifa. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini. Zambia inaimba kwa sauti hiyo hiyo kwa maneno yake, na Afrika Kusini imeitia ndani ya wimbo wake. Kwa hiyo tunapoimba wimbo wetu, tunaimba pia undugu wetu na mataifa mengine.

Alama za ushirika ni kitu kingine. Bendera ya ushirika yenye rangi saba za upinde wa mvua ilikubaliwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1925. Chama kinaweza kuwa na alama yake kilichoandikishwa nayo na jina lake katika muhuri. Lakini Nembo ya Taifa si mali ya chama, wala si ya mfanyabiashara. Sheria ya Nembo za Taifa inazuia mtu kuitumia katika shughuli zake bila idhini. Katibu anayeigonga katika stakabadhi za chama anaazima sauti ya Serikali bila kuagizwa na Serikali, na anamziba mwanachama mdomo bila kumgusa.

3. MAMBO YA NG'AMBO

Sisi wa Tabora tunayo kata inayoitwa Ng'ambo, na mtoto akisikia neno hilo hufikiri nyumba za jirani. Hata hivyo neno lenyewe ni upande wa pili, na nchi za ng'ambo ni nchi za mbali. Kwa mji wetu maana hizi mbili hazikuachana sana, kwa kuwa ng'ambo ilikuwa ikitujia kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kutoka hapa ikagawanyika kuelekea Ujiji na kwingineko. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe kwenda pwani, na waliporudi walileta shanga, nyaya na nguo, zikiwamo zile zilizoitwa merikani kwa sababu zilitoka Marekani.

Watemi walikuwa na mahusiano yao ya nje. Msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulilipa hongo. Neno hili leo lina aibu, lakini zamani hongo ilikuwa ushuru wa njia. Ilijadiliwa hadharani, pengine kwa siku kadhaa, na kila mtu alijua ni doti ngapi za nguo zilizotolewa na kwa nini. Neno ni lile lile, na fedha bado inatoka katika mkono mmoja kuingia katika mwingine. Kilichobadilika ni kwamba hongo ya zamani ilitolewa mchana mbele ya watu, na ya sasa hutolewa penye giza. Mkaguzi hahitaji maelezo marefu kuliko hayo ili kuyajua makato halali na yasiyo halali.

Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871 kwa ajili ya njia na ushuru wake. Henry Morton Stanley alikuwa upande wa Waarabu katika vita vile. Mwaka 1876 Stanley huyo huyo na Mirambo wakachanjiana udugu wa damu. Katika mambo ya nchi na nchi, adui wa jana aweza kuwa ndugu wa leo, iwapo kuna faida kwa wote wawili.

Lakini si kila mapatano yalikuwa na faida kwa wote. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwa na karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Watawala wa huko waliweka alama zao chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma. Mwezi Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kulinda nchi hizo, kwa nguvu ya karatasi zile. Miaka tisa haikwisha tangu karatasi zile kutiwa alama, Wajerumani walikuwa wameishambulia ngome ya Mtemi Isike hapa Unyanyembe. Mwezi Januari 1893, alipoona kwamba imevunjwa, Isike aliiwasha baruti kuliko kukamatwa mzima. Makatibu wangu, ninyi mnaoletewa mikataba ya pembejeo yenye kurasa nyingi na kuambiwa kwamba gari linasubiri, ikumbukeni habari hii kabla ya kushika kalamu.

4. KUKUBALI NA KUKATAA

Nchi, kama chama, hufika mahali pa kuamua kama itakubali masharti ya mwingine au itayakataa. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ulitokea hapa hapa Tabora. Mwezi Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu mjini kwetu. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura alazimike kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Masharti yale yalikuwa ya dharau, na wajumbe wengi walitaka kuyasusia. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa amesoma Tabora na kufundisha Tabora, alisimama upande wa kushiriki. Baada ya mabishano makali mkutano ulikubali, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuunda chama chake. Uchaguzi ulifanyika mwaka 1958 na 1959, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1965. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwezi Novemba, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliwataka wanachama wake wavunje uhusiano na Uingereza kama haitachukua hatua. Tanzania ilivunja uhusiano mwezi Desemba. Mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka Uingereza ukazuiliwa. Kwa nchi changa na maskini ile ilikuwa fedha nyingi. Uhusiano ulirudishwa mwaka 1968. Reli ya kwenda Zambia, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China.

Kwa nini 1958 tulikubali na 1965 tukakataa? Naona jibu ni hili. Kura tatu zilikuwa kichaka cha miiba, lakini upande wa pili wa kichaka palikuwa na njia, na aliyepita alibaki na miguu yake. Mwaka 1965 kunyamaza kungetufunga: tungelipwa kwa kuyaacha tuliyokubaliana na wenzetu wa Afrika. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya mkataba wowote si kwamba masharti yanapendeza au hayapendezi. Swali ni hili: tukisha kutia saini, bado tutakuwa na uwezo wa kusema hapana kesho? Chama kinachokopeshwa mbolea na mnunuzi yule yule atakayekuja kununua tumbaku hakina budi kulijibu swali hilo katika mkutano mkuu, kabla ya mvua, wala si siku ya soko.

5. MAPATANO YA SASA YANAYOMHUSU MWANACHAMA

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya nchi inayohitaji kuridhiwa. Kwa hiyo mbunge wetu ana sauti katika mambo ya nje, na sisi tunayo haki ya kumwuliza.

Nitataja mapatano mawili tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilianzishwa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977. Ya sasa iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1999, ina makao yake Arusha, na imekua hadi kufikia nchi nane baada ya Somalia kujiunga mwaka 2024. Mpunga, asali na karanga za mkoa wetu zinaweza kupata soko humo, endapo vyama vitajua taratibu zake.

La pili linatugusa zaidi. Mwaka 2003 nchi za dunia zilikubaliana Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, na Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Mkataba huo unataka matumizi ya tumbaku yapungue, kwa sababu tumbaku inaua. Ibara yake ya 17 inazitaka nchi ziwasaidie wakulima wapate shughuli nyingine za kuwapa riziki. Nimezunguka vyama vingi, na sijakutana na mkutano mkuu hata mmoja uliokwisha kuijadili ibara hiyo. Tunakata miti ya kukaushia majani katika mabani, tunategemea zao moja, na karatasi inayozungumza juu ya kesho yetu hatujaisoma. Hapa hatuwezi kumlaumu Karl Peters.

Tena mahusiano ya nje si mikataba peke yake. Wakimbizi walioikimbia Burundi mwaka 1972 walipokelewa Ulyankulu, katika mkoa wetu, na katika makazi ya Katumba na Mishamo. Walifyeka, wakalima. Baada ya miaka mingi Serikali iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Anayeingia katika mkutano mkuu akiwa na hisa zake na cheti chake ni mwanachama kama wengine, na kura yake ni moja kama ya mwenyekiti.

6. MAMBO YA KUTENDA

Baada ya somo hili kila katibu afanye haya. Kwanza, autazame muhuri wa chama na vitabu vya stakabadhi, na kama vina Nembo ya Taifa aviondoe na kuiarifu Bodi. Pili, abandike ukutani orodha ya makato yote, na mbele ya kila kato aandike limetoka wapi: sheria gani, au mkutano mkuu wa tarehe gani. Kato lisilo na asili lisitozwe. Tatu, mkataba wowote usomwe kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya wanachama kabla ya kutiwa saini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nini tofauti kati ya kodi, makato ya chama na hongo?
2. Kwa nini mkarafuu na mpamba viliwekwa katika Ngao ya Taifa?
3. Kama mngekuwa wajumbe wa mkutano wa Tabora wa 1958, mngepiga kura upande gani, na kwa sababu gani?
4. Chama chenu kingelima nini iwapo tumbaku isingenunuliwa msimu ujao?

Kuhusu chama kile nilichokianza nacho, muhuri ulikatwakatwa kwa kisu mbele ya mkutano mkuu. Fedha iliyokuwapo ilirudishwa, na iliyokwisha kutumika katibu aliagizwa ailipe kidogo kidogo. Yule mzee alikuja mkutanoni na karatasi zake zote amezifunga kwa kamba ya katani. Alinyosha mkono, akasimama, akaanza kuuliza moja baada ya nyingine, na hakuketi mpaka zilipokwisha.